Kidude Ambacho Hukukipa Jina

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuitikia marahaba, lakini sijazoea kuzungumza nawe bila kukuamkia kwanza.

Wiki hii mwalimu wa Kiswahili alitaka kila mmoja wetu asimame mbele ya darasa aeleze neno moja, maana yake na lilikotoka. Unanijua, mbele ya watu sauti hunikauka. Nikachagua "kidude", kwa kuwa lilikuwa neno lako.

Kamusi inasema dude ni kitu usichokijua jina, na kidude ni dude dogo. Lilikotoka dude lenyewe sikupata. Wewe ulikuwa na maelezo yako. Baba mdogo akitoka kuuza mahindi Kibaigwa alikuwa hakosi kifaa kipya mfukoni, nawe ukikigeuzageuza na kusema, "Hiki ni kidude. Bado hatujafahamiana nacho." Jina kilipata baada ya kumaliza msimu mzima wa mvua bila kuharibika. Redio ukaiita Mjumbe, kwa sababu inaongea hata kama hakuna anayeisikiliza. Simu ukaiita Shemeji. "Akiita, ujue ana shida."

"Na mimi je, mama, nimeshapata jina?" baba mdogo akauliza.

"Wewe bado nakuangalia."

Nilisimulia hayo yote darasani. Nilipofika kwa Shemeji darasa zima lilicheka, na sauti yangu ikarudi. Ndipo Asha akauliza kutoka nyuma, "Na kidude cha mwisho alikiitaje?"

Cha mwisho ni ile taa ndogo ya sola uliyoniletea hapa Mkonze, nisomee umeme ukikatika. "Ngoja mvua ziishe," uliniambia. Tulikuzika Mlali mvua zikiwa bado zinanyesha.

"Bado ni kidude," nikamjibu Asha, nikaenda kukaa.

Sasa mvua zimeisha, mahindi yamevunwa, na taa inawaka. Nilikuwa naogopa kuipa jina. Hiyo ilikuwa kazi yako, na niliona nikiifanya mimi nitakuwa nimekubali kwamba hutarudi tena.

Lakini jioni ya leo nilikuwa nasoma, taa ikazima katikati ya ukurasa. Nikaigusa kidogo tu, ikawaka ghafla, kana kwamba haikuwahi kuzima. Nikacheka peke yangu hadi mama akaja kuchungulia. Unakumbuka nilivyokuwa nakusomea vitabu kwa sauti? Ulisinzia kila mara, mdomo wazi, na nikikugusa bega unakurupuka. "Sijalala! Nasikiliza. Endelea."

Basi, Bibi, taa yako imepata jina. Inaitwa Sijalala. Kesho nitamwambia Asha, na safari hii sitangoja aniulize.

Pumzika vizuri. Mimi narudi kwenye ukurasa wangu, na nitausoma kwa sauti.

Mjukuu wako,
msomaji wako wa jioni