Kijana wa Maji ya Gesi Ametokea Kwenye Harusi ya Bibi

Mpendwa Shangazi Delfina, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana mimi hata kupiga chafya mbele ya watu naona haya, sembuse hili.

Tangu nimalize shule, ninachofanya ni kupiga filamu kwa kamera ya marehemu babu, ile ya mkanda mwembamba wa milimita nane. Binamu yangu Brenda hunicheka: "Wewe bikizee, simu unayo, unahangaika na sanduku linalonguruma kama cherehani!" Lakini Shangazi, simu inachukua kila kitu na hakuna anayekitazama tena, ila mkanda huu ni dakika chache tu na huoni chochote mpaka urudi kutoka kusafishwa, kwa hiyo unapiga kile unachokipenda kweli, na ukikimulika ukutani hata kuku wa jirani anaonekana kama ndugu aliyerudi kutoka mbali.

Ninachokipenda kweli ni Gaspar, anayetuletea maji ya gesi. Nilimpiga filamu kutoka dirishani akishusha kreti, akijikuna mgongo, akimbusu mbwa wetu. Hajui. Kisha ikaja harusi ya Bibi Nélida, ambaye ana miaka sabini na minane na ameolewa upya na Don Anselmo, mwoka mikate. Mlangoni mwa kanisa Bibi alikusanya simu zote kwenye sufuria, akatangaza, "Mjukuu wangu anatosha!" Nikapekua mkoba kwa haraka, na kwa kuwa mkanda uliokwisha kupigwa unafanana kabisa na mpya, nikapakia ule wa Gaspar, nikapiga harusi yote juu yake.

Mkanda umerudi juzi. Padri anainua mkono kubariki, Gaspar anajikuna. Maharusi wanatembea, na kreti inapita vifuani mwao. Bibi anafumba macho abusiwe, anayebusiwa ni mbwa. Brenda aligaagaa sakafuni: "Umewafungisha ndoa watatu, mwenzangu, na mbwa ndiye msimamizi!"

Jumapili ukoo wote unakuja uani kutazama, na Bibi kamwalika hata Gaspar. Kila asubuhi ananiuliza, "Mwanangu, nimetoka vizuri?" Filamu nyingine ya harusi hakuna. Niichome, niseme imepotea, au nihamie Patagonia?

Mwenye haya, Chivilcoy

*

Mwanangu, Patagonia kuna upepo utakaokupeperusha wewe na hiyo haya yako. Kaa chini.

Pole, kwanza. Nimecheka hadi mate yakanipalia, lakini najua kwako si kichekesho. Sasa nikugombeze: kumvizia mtu dirishani akijikuna si mapenzi wala sanaa, ni umbea wenye lenzi. Yeye angekuwa ndiye aliyekupiga filamu wewe, ningekuja huko Chivilcoy na mwiko mkononi.

Kuchoma, sahau. Harusi si yako, huwezi kuichoma. Leo hii, chai ikiisha, funga mapazia, mwonyeshe Bibi mkiwa wawili tu. Unamwogopea bure. Mwanamke anayenyang'anya ukoo mzima simu zao na kuzitia sufuriani, atavunjwa moyo na mbwa? Akilia, mshike mkono. Akicheka, jiandae kuirudisha filamu mwanzo mara nyingi. Na akiuliza kwa nini kijana wa maji yumo kila mahali, usiseme ni mitambo. Mwambie ukweli, yeye mwenyewe ni bibi harusi, ataelewa haraka kuliko unavyodhani.

Halafu Gaspar. Haiwezekani ajione kwa mara ya kwanza mbele ya wajomba zako. Akija na kreti zake, toka nje, umwambie ulimpiga filamu bila kumwomba, na umwulize kama Jumapili anakubali kuonekana. Akikataa, haionyeshwi, hata Bibi akinuna mwezi mzima. Wageni wale keki, waende zao. Akikubali, mpe kiti kizuri.

Na siku hiyo ya kumwambia, kamera iache ndani. Ukimtazama, naye apate nafasi ya kukutazama.