Mazutu Mekundu Kwenye Boti ya Tshangalele

Likasi, Jumanne

Mdogo wangu Germain,

Mkaguzi wa forodha ametuambia leo kwamba boti yetu ya kutembeza wageni kwenye ziwa Tshangalele, waliyoizuia, haitaachiliwa. Tangini alikuta mazutu mekundu, yaani dizeli iliyotiwa rangi, ambayo hapa yamepunguziwa kodi kwa ajili ya migodi tu. Eugène, mume wa dada yetu Georgette, yuko kizuizini.

Alijitetea: "Shemeji Germain alisema kule kwake Uingereza boti za kutembea zinatiaka ile nyekundu."

Mkaguzi akacheka: "Sasa weye, Tshangalele iko Uingereza?"

Mvua imeanza, na watoto ni wazima. Georgette hakulaumu, ila hataji jina lako. Wakili anasema ukithibitisha ushauri wako, Eugène hatahukumiwa kama mwizi wa mafuta ya migodi, bali kama mtu aliyekosea tu. Hakimu atakupigia simu Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Kaka yako,
Rolly