Baba Halalamiki

17 Mtaa wa Albion,
Rochdale.
4 Machi, 1979.

Mpendwa Shangazi Edna,

Pokea salamu kutoka kwetu kwenye mvua. Hujambo? Magoti yanaendeleaje na joto la huko Adelaide? Sisi wazima, isipokuwa Baba, kaka yako, yuko hospitali. Na huyu ndugu yangu Clifford amenichosha hadi basi.

Unajua alikoanzia, kuchekesha walevi kwenye klabu za wafanyakazi. Akaingia redioni, na sasa anaandika mchezo wake mwenyewe wa televisheni na kuigiza humo kizee cha kofia bapa. Nchi nzima inavunjika mbavu. Shangazi, kile kizee ni Baba! Kofia ya Baba, kikohozi cha Baba, hata yale maneno yake, "Mimi silalamiki, ila..." Watoto wanamwimbia njiani. Baba husema tu, "Mwache, ndiyo kazi yake."

Wiki iliyopita Baba aliteleza kwenye barafu mlangoni. Wodini muuguzi akamuuliza anajisikiaje. Akajibu, "Mimi silalamiki, ila huu mguu..." Muuguzi akaangua kicheko, akaita wenzake. "Hebu rudia, babu!" Siku tatu, Shangazi! Siku tatu anasema, wanacheka, wanamletea chai na biskuti. Walipompiga picha ya eksirei, kumbe nyonga imevunjika.

Nilimpigia Clifford simu London, nikamfokea. Unajua alinijibu nini? "Noreen, hiyo kali! Ngoja niiandike." Nilimkatia simu. Mtu mzima ovyo!

Jana alikuja. Wauguzi wakamzunguka wakitaka sahihi yake. Baba alipomwona akaanza, "Mimi silala..." Akawaona wale wasichana wanatabasamu, wanangoja. Akafunga mdomo, akageukia ukutani.

Clifford akawaacha na kalamu zao, akainama kitandani. "Baba, inauma?"

"Inauma, mwanangu. Inauma sana."

Ana miaka sabini na minne, na sijawahi kumsikia akisema hivyo. Hakuna aliyecheka. Clifford alilia mbele ya watu, na mimi niliyekuja na matusi tayari mdomoni nikabaki kumshikia koti.

Upasuaji ni Alhamisi. Tuombee. Ukimwandikia Baba, tafadhali usimtanie kwa maneno yale.

Nisalimie mumeo Stan, na Beryl na wanawe. Mungu akutunze, akupe na usingizi mwema. Clifford naye anakusalimu. Yuko hapa kwenye kochi langu tangu jana, daftari lake liko mezani, na hajaandika hata neno.

Mimi mwanao nikupendaye,
Noreen