Ulezi juu ya kanga ya chama

Lucia mwenzangu, salamu baadaye.

Rozina, mama wa Anjela, mke wa mwanangu Beda, kaanika ulezi uani juu ya kanga ya kampeni. Kanga nilimpa mimi, nikamwambia kitambaa ni kitambaa.

Akapita jirani Flavian, yule wa chama. Kasimama. "Mama Anjela, chama chetu unakitandaza chini kuku wakikanyage?"

Rozina akadhani ni utani, maana hapa Malangali wote humtania kwa kuwa kwao ni Mbala, Zambia. Akacheka! "Shemeji, lete na hilo shati lako la chama, ulezi bado upo."

Alicheka, Lucia. Flavian hakucheka. "Wewe umevuka mpaka kuja kuolewa. Kesho naja na watu wa uhamiaji, uwaonyeshe karatasi."

Karatasi gani jamani? Kibali chake cha kuishi nchini kimeisha tangu mwaka juzi. Kila mwezi wanasema watakilipia mwezi ujao, kwa sababu mshahara wa ualimu wa Beda unaishia kwenye ada za watoto na mkopo wa nyumba.

Beda karudi kutoka shuleni, tukamsimulia. Nikajua atawaka. Wapi! Akasema polepole, "Nenda kamwombe radhi. Mimi mtumishi wa serikali, nikionekana wa upande ule wa upinzani, kazi sina."

Rozina hakulia. Alimwuliza tu, "Wakija kesho, utawaambia mimi ni nani wako?"

Mwanangu akatazama chini.

Lucia, mwanamke kauliza tena. Mwanangu bado anatazama chini.