Kipande Chekundu cha Ngozi

Jirani yetu, mama mpiga pasi, anadai kwamba asubuhi ile ya mwisho alikuona, Baba, umeinama mlangoni ukichomeka kitu ndani ya kiatu cha binti yako kitinda mimba. "Alinikonyeza, akaniambia nifunge mdomo." Mchana wake ukaanguka kwenye kigoda chako cha kazi, nyundo mkononi. Leo umetimia mwaka, na jirani mdomo hajaufunga.

Tunamwamini. Siku sita ulishona soli, ya saba ukawatoa watu woga. Kila Jumamosi ulitumbukiza kipande chekundu cha ngozi ndani ya kiatu kimoja ulichotengeneza. Atakayekikuta, kesho kanisani zamu yake: kusoma, kuomba au kuanzisha wimbo. "Ibada si ya mtu mmoja," ulisema, misumari imekujaa mdomoni.

Siku moja ulikosea, ukakitia kwenye kiatu cha dereva wa lori, mtu asiyewahi kukanyaga kanisani. Jumapili akaja nacho.

"Fundi, hiki ni chako?"

"Leo ni chako. Simama uombe."

Akasimama, jasho linamtoka. "Mungu, sijui nianzie wapi. Viatu vimepona, asante." Tukaitikia amina mpaka mabati yakalia. Siku hizi hakosi.

Wateja wazee uliwafunga kamba za viatu mwenyewe, umepiga magoti, mkiulizana habari za wajukuu.

Tangu uondoke hakuna anayegawa ngozi. Mzee wa kanisa anasoma yeye, anaomba yeye, anaimba yeye. Sisi tunatazama saa.

Binti yako huyo kitinda mimba, uliyemwita Kimya, alikikuta kipande siku tuliyotoka kukuzika. Hakumwambia mtu. Mwaka mzima kimelala chini ya mto wake, eti yeye ni wa darasa la saba tu, ataomba nini mbele za watu? Wiki iliyopita akakiweka mezani.

"Mama, zamu yangu haijapita?"

"Baba yako hakuandika tarehe, mwanangu."

Unakumbukwa na mkeo, wanao wanne, wakwe zako, wajukuu, mama mpiga pasi na dereva wa lori. Siku zote utakuwa mioyoni mwetu.

Ibada ya kumbukumbu ni Jumapili hii, saa tatu asubuhi. Kimya amekwenda mara mbili kwa mzee wa kanisa kumwomba ampishe aombe, hata dakika mbili. Viatu ameshavipiga rangi. Mzee bado hajajibu.