Maji ya Betri Niliyoyamwaga Mbele za Watu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, ingawa sijui kama mtu wa aina yangu anastahili kuuomba, maana wengi wanaokuandikia wametendwa na waume zao, na mimi ndiye niliyetenda, tena nimemtenda mwanamume ambaye kwa miaka tisa hajagusa tone la pombe. Nitamwita Oddvar na mimi niite Gudveig. Si majina yetu, lakini bonde letu ni dogo na wasomaji watatutambua kabla kahawa haijapoa.

Tuna nyumba ndogo kule mlimani ambayo haina umeme wa gridi, ina sola na betri nne kubwa, zile za zamani za kuongezewa maji, na mwaka juzi Oddvar aliziongezea maji ya kisima cha kule juu, ambayo yana rangi ya chai kwa sababu ya chuma, mbili zikafa. Fundi akamwambia anunue maji ya betri, yale yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa yasibaki na chuma, kwenye kituo cha mafuta kama watu wengine, na hapo ubahili wake ukaamka, kwa sababu Oddvar ni mtu wa kupasua mfuko wa kahawa kwa mkasi ili aukung'ute pembe zote. Akaniambia, "Mvua inatunyeshea mwaka mzima, halafu mimi nikanunue maji kwa dumu? Hapana, Gudveig, nitapata njia." Nilicheka, nikasahau.

Sasa mwezi wa tano tulikuwa na msaragambo wa barabara ya mlimani, kila nyumba hutoa mtu, tunazibua mitaro, tunatoa mawe yaliyoshushwa na theluji, halafu tunakaa kuchoma soseji. Asubuhi hiyo niliingia banda la kuni kutafuta reki na nikakuta mtambo wa gongo wa marehemu baba mkwe, ule ule uliolewesha bonde hili kwa miaka thelathini, umewekwa juu ya jiko la gesi, bado una joto, na pembeni chupa saba za jamu zimejaa kitu cha majimaji kisicho na rangi. Nilikaa juu ya gogo sijui muda gani, kisha nikazitia chupa zote kwenye ndoo, nikaenda nazo mpaka barabarani ambako watu walikuwa wameshazunguka moto.

"Oddvar, hii nini?"

"Ni maji ya betri," akasema.

Mshauri, wewe ni wa huku, huhitaji kuelezwa kicheko kilichozuka. Kila mpika gongo wa nchi hii tangu enzi za babu zetu amemjibu polisi hivyo hivyo, mtambo ni wa maji ya betri, bwana mkubwa, hakuna uongo uliochakaa kuliko huo. Jirani yetu Torleif akapiga paja. "Ya betri! Hata baba yako alikuwa na betri nyingi, bwana, na kila Jumamosi zilikuwa zinaimba!"

Nikaanza kuzimwaga. Moja baada ya nyingine, miguuni pake, kwenye changarawe, huku napiga kelele, "Miaka tisa! Miaka tisa umenifanya mjinga!" Yeye hakupaza sauti. Alisema tu, "Gudveig, onja."

"Sionji uchafu wako!"

Torleif akaninyang'anya ile ya mwisho, akanusa, akanywa funda, na kicheko kikamwisha usoni. Akasema taratibu, "Dada, haya ni maji."

Na mimi, badala ya kupiga magoti pale pale, nilisema, "Basi makali yake ameshayanywa yeye." Watu wakatazama chini. Oddvar akachukua sepetu yake akarudi mtaroni, akachimba peke yake mpaka jioni.

Sasa naandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Kule bandani, kabla sijazitia kwenye ndoo, nilichovya kidole nikaonja. Nikaonja chupa ya pili, na ya tatu. Hazikuwa na ukali, hazikuwa na harufu, hazikuwa na kitu. Nilijua, Mshauri. Nilijiambia ulimi wangu umekufa kwa baridi, lakini nilijua, na bado niliibeba ile ndoo, kwa sababu kwa miaka tisa nimekuwa nikingoja siku atakaporudi kunywa, nikinusa koti lake, nikisikiliza anavyopanda ngazi, na nilikuwa nimechoka kungoja kiasi kwamba nilitaka siku hiyo iwe imefika. Nilitaka awe mlevi ili nipumzike. Naona aibu hata kuisoma sentensi hiyo.

Oddvar hajanigombeza. Amenunua kipima ulevi, kama cha polisi, na kila siku kabla ya chakula anakipuliza, anakiweka kando ya sahani yangu kikionyesha sifuri, tunakula viazi vyetu. Akienda kununua maji ya betri ananiwekea na risiti. Nimemwambia mara mbili aache, akasema, "Ni kwa ajili ya amani yako." Siwezi tena kumeza chakula. Nataka kumwomba msamaha, ila nauliza, je, inatosha nikimwomba tukiwa wawili tu jikoni? Lile la kuonja lazima alijue? Naogopa akilijua ataondoka.

Gudveig

*

Gudveig,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikakuhurumia, mara ya pili nikatamani kukuzaba kibao. Nitakujibu kwa mikono yote miwili. Jibu hili nakutumia kwa posta kwanza, gazetini litatoka wiki ijayo.

Huruma kwanza. Nilikuwa nesi wa wilaya hii kwa miaka mingi na nimeingia nyumba nyingi ambamo mwanamume ameacha pombe na watu wanampongeza, na hakuna anayemuuliza mke wake kama analala. Uliachiwa hofu uilee peke yako. Hilo lilikuwa kosa letu wote, na nenda kamwone daktari wako wiki hii umweleze kuhusu kunusa makoti.

Lakini mama, hofu haikubeba ndoo. Uliibeba wewe, huku ladha ya maji iko mdomoni. Mtu aliyepigana na chupa kwa miaka tisa alikwambia ukweli kwa maneno manne, nawe ukaukanyaga kwa sababu unafanana na uongo wa baba yake. Halafu unaniuliza kama jikoni panatosha! Ulimwaibisha barabarani, ukamsafishe barabarani. Na ndiyo, lile la kuonja atalijua. Usipomwambia, atabaki akidhani ulikosea kwa bahati mbaya, atakusamehe kosa ambalo hukulifanya, na wewe utaendelea kushindwa kumeza.

Anaweza kuondoka. Sitakudanganya. Ila hata sasa hivi mume hayupo mezani, yupo mpuliza mashine tu.

Oddvar, najua utasoma, hata kama gazeti ni la kuazima. Mashine yako ni adhabu uliyoivisha nguo ya upole, na unajua. Una haki ya kukasirika, basi kasirika kwa mdomo. Na mtambo wa baba yako, nimemuuliza fundi: kama bomba lake ni la shaba, huacha chembe za shaba ndani ya maji, na hizo huua betri polepole kama chuma cha kisima chako. Weka bomba la kioo au la chuma kisichoshika kutu, au meza ubahili uendelee kununua kwa dumu, betri nne hazinywi kiasi hicho. Chaji kwanza, ongeza maji baadaye, usijaze mpaka juu, na vaa miwani.

Gudveig, sasa sikiliza. Usingoje msaragambo wa vuli. Jumamosi hii waite wale wale waliokuwa kwenye moto, Torleif wa kwanza. Usipike keki, hii si sherehe. Lakini Ijumaa, kabla yao, mwambie Oddvar peke yake, ili asilisikie mara ya kwanza mbele ya watu, maana hilo ulishamfanyia. Kisha Jumamosi simama useme sentensi tatu: Yalikuwa maji. Niliyaonja kabla sijayaleta. Nilijua.

Ulimi utataka kuongeza ya nne, uwaeleze ile miaka tisa. Funga mdomo, ukae chini, umwache Oddvar azungumze au anyamaze, kwa muda anaoutaka yeye.

Borghild