Nilimtega Kulwa

Jumapili, jioni. Joto la leo ni lile la kabla ya mvua, na ziwa limetulia kama limenuna. Nimerudi kutoka kwa mama, Mkuyuni, na sijavua hata viatu.

Leo nimegombana na pacha wangu. Sijui kama kugombana ndilo neno lenyewe, maana hakuna aliyepaza sauti.

Nikimwita Kulwa hapa sijamtaja mtu. Huku kwetu kila mapacha ni Kulwa na Doto, wamejaa. Yeye anatengeneza simu Igoma. Mimi nipo kwenye kampuni ndogo yenye mchezo wa drafti wa mtandaoni, na kazi yangu ni kuwakamata wanaoiba. Kuna programu inasoma ubao na kumchezea mtu: wewe umeshika simu tu, yenyewe ndiyo inayokula kete. Tangu kiangazi kianze nafukuzana na moja ya namna hiyo.

Kwanza niliibaini kwa muda. Mtu akibanwa anafikiri. Yenyewe ilicheza kila kete kwa kasi ileile. Nikawafungia wote walioitumia. Haikupita muda ikajifunza kusitasita. Nikahamia kwenye vidole: yenyewe iligusa katikati kabisa ya kisanduku, wakati sisi binadamu tunagusa popote. Wiki haikuisha, nayo ikaanza kugusa pembeni pembeni.

Bosi akauliza kama kuna mtu ndani anayevujisha siri. Niliapa hakuna.

Aliyekuwa anavujisha ni mimi.

Kila Jumapili mimi na Kulwa tunakula kwa mama, na mimi nikishiba mdomo haufungi. Namweleza kila kitu cha kazini. Nani mwingine angenielewa? Tulisoma kompyuta pamoja, tukaomba kazi hii pamoja. Wakanichukua mimi.

Nilipoanza kumshuku nilijichukia. Jumapili iliyopita, mama akiwa jikoni anakaanga sato, nikamwambia Kulwa kwamba sasa tunapima jinsi simu inavyotikisika mkononi mwa mchezaji. Uongo mtupu. Hatupimi kitu kama hicho, na sikumwambia mtu mwingine yeyote.

Ijumaa programu ikatoka mpya. Ilikuwa inatuletea mitikisiko ya kubuni, ambayo mchezo wetu haujawahi kuiomba.

Niliisoma mara mbili. Halafu nikafanya kazi yangu: kila akaunti iliyoleta mitikisiko ile niliifunga, zote kwa pamoja. Ofisini walishangilia. Mimi nikaenda chooni kulia.

Leo Kulwa alikuja kama kawaida. Alimwamkia mama, akala kidogo, akaniomba tutoke. Tulikaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba.

"Hakuna kipimo cha kutikisika," alisema.

"Hakuna."

"Kwa hiyo ulinidanganya, Doto."

"Na wewe je?"

"Mimi sijakudanganya. Hukuniuliza."

Nikamuuliza kama alikuwa anaiuza. Akasema anaigawa bure. Alitaka wale waliomkataa wahangaike kidogo, wajue wamemwacha nani.

"Hiyo ni mwanzoni," akasema. "Baadaye nilikuwa nafurahi tu kuona umenijibu vipi."

Nikamwambia wangeweza kunifukuza kazi. Akaniangalia kama ndiyo kwanza anasikia. Hakuwa amewaza hilo hata kidogo. Namwamini, na ndiyo maana inauma. Akanyanyuka, akaondoka bila kumuaga mama.

Mama akatoka na chai ya watu watatu. "Mwenzio yuko wapi?" Nikasema ameitwa na mteja. Uongo mwingine tena.

Kinachonisumbua si kwamba nimemkamata. Ningeweza kumuuliza, pale pale mezani. Nilimtega kwa sababu niliogopa kumtazama usoni akinijibu.

Nimempigia. Simu inaita, hapokei.

Kesho bosi atataka kujua niliinasaje na nani ameitengeneza. Nikimtaja Kulwa, wanaweza kumpeleka polisi. Nikinyamaza, bosi ataendelea kuwatazama wenzangu wasio na kosa kama wezi.

Nimeamua nusu tu. Nitamwambia siri zilitoka kwangu, kwa mdomo wangu, mezani kwa mama yangu. Nitaanza na jina langu. Akiuliza la pili, sijui kama nitaweza kulitamka.